Kikombe cha Soda Kali

Binti alirudi kutoka shuleni akiburuta miguu, akaikuta sebule imejaa wanawake wanaopiga soga. Siku za kupika sabuni, nyumba yao haikosi watu. Mama alikuwa jikoni akipasha mafuta, macho mekundu kwa uchovu.

"Vaa glavu, mwanangu, upime soda kali, ile kostiki ya sabuni. Mizani iko kwa Mama Redio."

Binti alishusha pumzi. Mama Redio ni jirani wa ghorofani, na habari zote za mtaa huanzia kwake. Ukifuata mizani tu, utatoka umeshajua nani kahama, nani kanuna na nani kaposwa. Basi akachukua kikombe badala ya kupanda ngazi. Siku zote soda waliyoipima kwa mizani, ya vipande bapa kama magamba, ilijaa kikombe kile kile. Safari hii mfuko ulikuwa mpya, na soda yake ilikuwa punje ndogo ndogo. Akajaza vilevile.

Wiki iliyofuata aliingia shangazi, ambaye hufua nguo za watu. Viganja vyake vilikuwa vyekundu, ngozi imebanduka.

"Wifi, sabuni yako inauma kuliko maneno ya wakwe," alisema, akajitupa kitini. "Kesho nina mzigo wa nguo, na mikono ndiyo hii."

Mama alimgeukia binti. "Ulipima?"

"Kwa kikombe, mama. Nilichoka."

"Sote tumechoka," mama alisema polepole, akamtuma akalete mizani.

Walipima kikombe cha magamba yaliyobaki, kisha cha punje. Cha punje kilikuwa kizito zaidi, kwa sababu magamba huacha nafasi katikati, punje hubanana. Binti akaandika ukutani kwa chaki:

mafuta + soda kali → sabuni + glisarini

"Soda iliyozidi ilikosa mafuta ya kuungana nayo," alinong'ona. "Ndiyo iliyomuunguza shangazi."

Wakaiyeyusha sabuni yote upya na kuongeza mafuta, safari hii kwa mizani. Binti alikoroga mpaka mabega yakafa ganzi. Kesho yake akafua mzigo wa shangazi, nguo baada ya nguo.

Mama alipomkuta anaanika shuka la mwisho, alishika ncha ya pili.

"Kuchoka si kosa, mwanangu. Ukichoka sema, nitapanda ngazi mimi. Lakini usikisie. Jicho linaona kikombe kimejaa, uzito halioni."