Bahasha ya Muhonja

Wasemao damu ni nzito kuliko maji hawajapanga foleni bombani Kaloleni. Pale maji ndiyo mazito; damu humwagwa bure.

Kila asubuhi ya likizo, Nafula, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, alichota maji huku dadake, Muhonja, akijaza fomu za kuomba nafasi katika chuo cha uuguzi huko Malaysia. Mama alikuwa amemwondolea Muhonja kazi zote, na jambo hilo lilimkera Nafula.

Ijumaa, Muhonja alirudi kutoka shule yake ya zamani na bahasha. Ndani mlikuwa na alama zake za miaka minne, na mahali ilipofungwa, sekretari alikuwa amegonga muhuri.

"Chuo hakipokei bahasha iliyofunguliwa," Muhonja alionya. "Na isipotumwa leo kabla ya saa kumi, nafasi imeenda." Kisha akaingia kuoga.

Nafula aliichana. Punde si punde alikuwa bombani, akisoma kwa sauti.

"Kemia, kidato cha kwanza, D. Na anataka kudunga watu sindano."

"Sista D," akasema Shiundu, kijana wa nyumba ya pili. "Nikiugua nipelekeni kwa fundi wa baiskeli." Foleni nzima ikacheka.

Kicheko kilikatika ghafla. Muhonja alikuwa nyuma yao, nywele zikidondosha maji. Hakuzitazama alama. Alitazama muhuri uliopasuka vipande viwili, akaketi papo hapo matopeni.

"Tutaibandika kwa uji," Nafula akanong'ona. "Hawatajua."

"Hatubandiki uongo," akasema Mama, aliyekuwa amefuata kelele. "Vaeni viatu."

Walitembea hadi ile shule ya zamani ya Muhonja, Makadara. Ofisi ilijaa wazazi waliokuja kulipa karo ya muhula ujao. Mama alimsukuma Nafula mbele.

"Mwambie sekretari ulichofanya."

Nafula akasema kwa sauti ndogo.

"Hapana. Sauti ile ya bombani."

Alirudia mara tatu, wazazi wakimcheka, mpaka machozi yakafika kidevuni. Sekretari, Bi. Akech, aliikunjua karatasi.

"Kidato cha kwanza D, kidato cha nne A. Hii A hukuiona, au hukutaka isikike?"

Bi. Akech akachapisha nakala nyingine, akaifunga, akagonga muhuri, akampa Muhonja mkononi. Saa tisa na nusu bahasha ilikuwa imetumwa.

Njiani, Nafula alisema kwa kwikwi, "Mama, umeniaibisha mbele ya watu wote. Hata pole hujaniambia."

Mama alisimama. "Barua ya mtu haifunguliwi, Nafula, na udhaifu wa mtu haufanywi mchezo. Wewe umelia saa moja. Dadako angelia miaka, nawe ungekuwa umeshasahau. Nilijua ninakuumiza, na nilitaka uumie. Siombi msamaha."