Plagi Iliyoanguka

Puh! Puh-puh! Gari lilisikika likikohoa mtaani kabla halijaonekana. Spana, binti aliyekuwa akifagia gereji ya mama yake kama kila Jumamosi asubuhi, aliutambua mlio ule. Ufagio ukamponyoka.

Lilikuwa gari la mkunga. Liliingia likitetemeka, na mwenyewe akashuka hata salamu amezisahau.

"Fundi wewe! Juzi umenibadilishia plagi, leo gari linamisi kuliko mwanzo! Kwenye tambarare linatembea kama bwana harusi. Mlimani linakata pumzi. Jana nalipita lori, gari likanifia palepale, basi linanijia usoni! Nimeponea chupuchupu."

Juzi, kwa mara ya kwanza, mama alimwachia Spana afunge peke yake plagi, zile zinazotoa cheche za kuwasha injini. Ya tatu ilimponyoka, ikagonga sakafu. Na gereji ile ilikuwa na sheria moja isiyovunjwa: plagi ikianguka haifungwi, hata ionekane nzima. Hutupwa kwenye kopo la dirishani, ambalo mama aliliita "kaburi". Spana aliigeuzageuza, asione ufa. Aliogopa kuambiwa bado mtoto. Akaifuta kwa sketi, akaifunga.

"Tulia, mchawi wake tutamshika," mama alisema, akiwasha injini. Ilinguruma vizuri. "Umeona? Likisimama halina neno. Likipanda mlima, tabo, ile feni ya injini, inasukuma hewa nyingi ndani ya silinda. Hapo cheche dhaifu haifui dafu."

Alichomeka kifaa cha kupimia. Silinda ya tatu ndiyo iliyokosa moto. Akaifungua koili yake, ile inayoipa plagi umeme, akaibadilisha na ya silinda ya kwanza, kisha akalipandisha gari kilima cha nyuma ya gereji. Likarudi likikohoa. Bado ni silinda ya tatu.

"Koili ni nzima, ingekuwa mbovu ubovu ungehama nayo. Plagi ni mpya, na amezifunga binti yangu huyu, namwamini," mama alisema. Sifa ile ilimchoma Spana kuliko kofi. "Basi ni nozeli ya petroli. Niachie siku mbili."

"Siku mbili! Huko mlimani kuna mama wa mapacha, leo ndiyo siku yake!" Mkunga akanyoosha mkono. "Lete ufunguo. Nitakwenda nalo hivihivi."

Mlango wa gari ukafungwa. Spana akaliona akilini lile basi likija usoni.

"Usiende!" alipiga kelele, akajitupa mbele ya boneti. "Mama, plagi ya tatu iliniponyoka. Nikaifunga. Sikusema."

Mama hakumtazama. Alichukua spana ya plagi, akaifungua ile ya tatu, akaishika juani. Kwenye kauri nyeupe palikuwa na ufa, mwembamba kama unywele.

Alifunga nyingine, akalipandisha gari kilima kilekile. Safari hii injini iliimba hadi juu.

"Kuangusha si kosa," mama alimwambia Spana aliporudi. "Lile kaburi nimelijaza kwa mikono yangu hii. Kosa ni kuangusha ukanyamaza. Mkono ukikosea, mdomo uwahi. Ulichokificha wewe, mwenzio angekilipia kwa roho yake."

Spana alijifuta machozi kwa mkono wenye grisi, uso ukawa mweusi.

"Haya, usilie, umekuwa kama sufuria," mkunga alisema akishika tena usukani. Kisha akaacha mzaha. "Ila sikia, mwanangu. Mimi nikiponyokwa na ninachokipokea, sina kopo la kukitupia."

Spana akasogea dirishani.

"Naahidi, mama mkunga. Nikiangusha chochote cha gari lako, hata nati, utakijua kabla hujagusa ufunguo."