Chupa Mbili za Taka

Kila Jumanne asubuhi, wanafunzi wa sayansi wa mwaka wa kwanza walivaa makoti meupe na miwani ya kinga, wakaingia maabara ya kemia wakisukumana kama ng'ombe walioona maji. Aliyetangulia siku zote alikuwa binti wa miaka kumi na saba, mdogo kuliko wote darasani. Wenzake walimwita Kasuku, kwa sababu alikuwa amezikariri kanuni zote ishirini za maabara. Hata ungemwamsha usingizini, angekutajia ya kumi na nne bila kukosea. Kuzijua alizijua. Kuzifuata ni habari nyingine, kama mtakavyoona.

Baba yake alikuwa mwashi. Katika ukoo wao hakuna mwingine aliyewahi kukanyaga chuo kikuu. Siku Kasuku alipoondoka nyumbani, baba alilibeba sanduku lake kichwani mpaka kituo cha basi, akimsimamisha kila jirani njiani. "Huyu anakwenda kusomea sayansi, huyu!" Kasuku aliona haya, lakini pia alifurahi mno.

Aliyeitawala maabara alikuwa mama mmoja mnene, msimamizi wa vifaa. Wahadhiri walikuja na kuondoka, lakini chupa zote mle ndani zilikuwa zake, na ole wako uivunje hata moja. Ndiyo maana wakamwita Mama Chupa. Mabaki ya majaribio hayakumwagwa ovyo kwenye sinki. Chupa kubwa ya taka za asidi ilikaa katikati ya chumba. Chupa mbili za taka za spiriti zilikaa pembeni, moja dirishani na nyingine juu ya meza ndogo kando ya mlango.

"Asidi na spiriti hawapikiki chungu kimoja!" Mama Chupa alipaza sauti kila Jumanne. "Ukiwachanganya watapigana, na atakayeumia ni wewe. Na vizibo msivikaze, hewa ipate pa kutokea!"

"Ndiyo, mama!" waliitikia wote, Kasuku akiwashinda kwa sauti.

Jumanne hiyo jaribio liliisha karibu na saa sita. Foleni ya kumwaga asidi ikawa ndefu, na Kasuku alikuwa na haraka zake. Alhamisi kulikuwa na mtihani wa fizikia, na maktaba ilikuwa na nakala mbili tu za kitabu walichokihitaji watu mia. Alitazama foleni, akaitazama bika yake, kopo la kioo la majaribio, iliyojaa asidi, kisha akamtazama Mama Chupa, aliyekuwa ameinama akiosha vyombo.

"Kidogo hivi kitafanya nini?" alijiambia.

Akaenda dirishani, akaimimina asidi kwenye chupa ya spiriti mpaka ikafika shingoni. Iliyobaki akaipeleka kwenye chupa ya pili, kando ya mlango. Ili harufu isimsaliti, akavikaza vizibo vyote viwili kwa nguvu. Kisha akaosha bika yake na kwenda kutundika koti.

Mkono ulikuwa bado kwenye msumari wa koti pale chupa ya dirishani ilipolipuka.

Mlio wake uliziba masikio. Vioo vya dirisha viliruka nje, na vipande vya chupa vikaruka ndani. Mama Chupa alikuwa amefika dirishani kufuta meza. Alirushwa nyuma, akaanguka chali, mkono wake wa kushoto umechanwa kuanzia kiwiko hadi kiganja. Damu ilimtoka pia kwenye paji la uso, ikamwingia machoni. Watu walipiga mayowe. Mmoja alikanyagwa, mwingine alitapika.

"Nani amefanya hivi?" alinguruma kijana mmoja mrefu, nahodha wa timu ya mpira ya chuo. Mtu mwenye nguvu akiogopa hutafuta wa kumpiga. "Ni Baruti! Nani mwingine kama si Baruti?"

Baruti alikuwa kijana mwembamba, mcheshi kupindukia. Wiki ya kwanza ya masomo alijaza moshi darasani kwa mzaha, na jina likamganda. Siku hiyo jaribio lake alilifanyia meza ya dirishani. Kwa Nahodha huo ulikuwa ushahidi tosha.

"Si mimi, jamani!" Baruti alirudi nyuma kuelekea mlangoni. "Niulizeni kwanza! Niul—"

Ngumi ya kwanza ilimpiga mdomoni. Ya pili ilimwangusha chini, karibu na meza ndogo ya mlangoni. Wakamvamia wanne, kisha wanane. Walimpiga mateke ya mbavu na mgongo, watu ambao asubuhi ile walimwazima kalamu. Mmoja alimkanyaga mkono wa kulia kwa kiatu kizito, na Kasuku alisikia vidole vikivunjika.

Kasuku alikuwa amesimama hatua tano tu kutoka pale. Alikuwa amefungua mdomo kabla ya ngumi ya kwanza. Kisha mawazoni akamwona baba yake akilibeba lile sanduku kulirudisha nyumbani mbele ya majirani walewale, akaufunga. Wataacha sasa hivi, alijidanganya. Hawakuacha. Alijichukia, na bado alinyamaza.

Ndipo macho yake yakaangukia chupa ya pili. Ilikuwa juu ya meza, sentimita chache kutoka kichwa cha Baruti, imezungukwa na miguu ya wenzake. Ndani yake moshi wa kahawia ulikuwa ukizunguka, na kizibo kilikuwa kimekazwa vilevile alivyokiacha.

Hakuna mtu mwingine duniani aliyejua kilichomo.

"Ni mimi!" Kasuku alipiga kelele. "Mwacheni! Ni mimi niliyechanganya!"

Nahodha aligeuka na kumzaba kofi lililompasua mdomo. "Usimtetee! Toka hapa!"

Kasuku aliyumba, akamshika Nahodha koti kwa mikono miwili. "Nimesema ni mimi! Nimemwaga asidi kwenye spiriti! Na hiyo chupa hapo nayo inalipuka!"

Kule sakafuni, Mama Chupa alikuwa akijaribu kuinuka. Aliinua uso uliojaa damu.

"Kizibo umekaza?" aliuliza.

"Nimekaza, mama."

"Tokeni!" Sauti ya Mama Chupa ilikuwa bado na nguvu zake zote. "Msiiguse! Tokeni nje wote!"

Hapo ndipo ungewaona mashujaa. Nahodha alikuwa wa kwanza kufika kwenye korido, na wale wengine wakamfuata mbio wakiruka juu ya Baruti. Kasuku alimshika Baruti kwapani akamvuta. Alikuwa mzito kuliko alivyoonekana. Mama Chupa alifika akipepesuka, akamkamata ukosi kwa mkono wake mzima, nao wakamburuta pamoja mpaka wakaipita kona ya korido.

Mlipuko wa pili uling'oa mlango kwenye bawaba. Moshi ulipotulia, vigae vya sakafu pale alipokuwa amelala Baruti vilikuwa vimepasuka vyote, na ukuta wa nyuma umejaa vipande vya chupa vilivyozama kama misumari.

Mama Chupa alishonwa nyuzi ishirini na tatu. Baruti alipoteza meno mawili, akavunjika ubavu mmoja na vidole vitatu. Bodi ya chuo ilikaa siku mbili. Nahodha na wenzake watatu walioongoza kipigo walisimamishwa masomo mwaka mzima. Kasuku alisimama mbele ya bodi akaeleza yote, pamoja na ule muda aliosimama kimya, jambo ambalo hakuna aliyemuuliza. Walimzuia kuingia maabara hadi mwaka ujao, kisha arudie majaribio yote tangu la kwanza. Hawakumfukuza. Jioni ya siku ya uamuzi alimpigia baba simu akamwambia mwenyewe. Mwashi aliuliza, "Huyo kijana anaendeleaje?"

Kesho yake Kasuku alikwenda zahanati ya chuo. Mama Chupa na Baruti walikuwa wamelazwa vyumba vinavyoelekeana, milango wazi. Alianza kwa Baruti, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Nisamehe, kaka."

"Nilikuona," Baruti alisema kwa shida, midomo imevimba. "Kabla hawajanipiga, nilikuona ukifungua mdomo. Nikajua nimepona. Halafu ukaufunga."

Kasuku alilia.

"Njoo hapa, wewe mtoto," Mama Chupa aliita kutoka chumba cha pili. Kasuku akaenda, akasimama mlangoni akiwa ameinamisha kichwa. "Usidhani nitakubembeleza. Huu mkono unaniuma na nimekukasirikia. Lakini nisikilize. Miaka kumi na tisa nimekaa na wanafunzi wa sayansi. Hakuna asiyekosea. Wahadhiri wenu wenyewe wamenichomea mapazia. Chupa ya dirishani ilikuwa kosa, haraka na kutosikia. Lakini vile vidole vya mwenzako havikuvunjwa na asidi. Vilivunjwa na kimya chako, na hasira za watu waliohukumu bila kuuliza. Mficha maradhi, kilio kitamfichua. Kwa sayansi, mwanangu, kosa likisemwa mapema ni somo, watu huliandika wakajifunza. Likifichwa, linakaa mezani likisubiri mtu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Basi usinitajie kanuni. Nenda ukafanye kitu."

Kasuku alirudi chumba cha kwanza, akavuta kiti, akatoa daftari jipya. Baruti asingeweza kushika kalamu kwa wiki sita, na masomo yalikuwa yanaendelea.

"Nitakuandikia madokezo ya kila kipindi," alisema. "Mpaka vidole vipone. Ukikataa nitaelewa."

Baruti alilitazama lile daftari. Hakutabasamu, na meno ya kutabasamia yalikuwa yamepungua.

"Andika vizuri," alisema. "Na ukikosea mahali, niambie siku hiyohiyo."