Soksi Inayosoma Nia

Gari liliondoka kabla mguu wa Kalunde haujagusa chochote. Alikuwa amekaa uani kwake, mtaa wa Cheyo, mikono kwenye usukani, kisigino sakafuni, vidole vimeinuka juu ya mkanyago. Akawaza tu: haya, twende. Na gari, mkweche wa bluu uliomzidi bintiye umri, likaruka mbele, likapiga teke ndoo mbili za maji, likabeba kamba ya nguo, na lingeingia jikoni moja kwa moja kama mguu wa kushoto haungekuwa na akili zake ukabamiza breki.

"Lahaula!" Mzee Mapalala, jirani yake, alichomoza kichwa juu ya ukuta. "Mama Hidaya, umeamua kutumaliza?"

Kalunde alishuka. "Umeona, jirani? Sijakanyaga! Wallahi sijakanyaga!"

"Nilichoona mimi ni kanzu yangu iko chini ya tairi."

Kalunde hakumsikia. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, soksi moja mguuni, mguu mwingine mtupu.

Sasa, ili mtu aelewe kwa nini mama mzima wa miaka hamsini na tisa, fundi wa pampu mwenye wateja na heshima zake, alikuwa na furaha hiyo mbele ya kanzu ya watu iliyochafuka, lazima aijue Tabora ya miaka hiyo. Barabara zilikuwa za magari-jiendee. Hayakuwa na usukani wala dereva, na yote yalikuwa na akili moja: moja likiwaza kukata kona, elfu nzima yameshajua, yakapishana kwa upana wa kiganja bila kugusana. Abiria alipanda, akataja aendako, akasinzia. Magari ya kukanyaga yaliruhusiwa bado, lakini mwenye nalo ajijue mwenyewe. Kuingia barabara kuu nalo kulikuwa kama kuingia kwenye kamba inayochezeshwa na watoto wasiokuonea huruma. Ukichelewa nusu sekunde, nafasi imeshapita.

Na gari la Kalunde lilikuwa zito kuitikia. Unakanyaga mafuta (petroli ilishasahaulika, ila watu hawakuacha kusema hivyo), unahesabu moja, mbili, ndipo linajivuta. Hidaya, mwanawe wa pekee, alikuwa akimtania. "Mama, hili gari linaenda kuomba ruhusa kwa nani kwanza?"

Utani huo ulipungua siku Hidaya alipopata barua. Alikuwa fundi wa maji, tena fundi kwelikweli, na alichaguliwa kwenda sayari ya Mirihi kuyayeyusha maji yaliyoganda chini ya ardhi ya kule. Miaka kumi na mmoja, kwenda, kukaa na kurudi, kama kurudi kungekuwapo. Mtaa mzima ulipiga vigelegele. Kalunde alipiga kuliko wote. Alipika pilau, akawaambia watu amefurahi, akawaambia tena, na mwisho akaweka ahadi mbele ya wageni: "Mgeni wa siku moja tunamsindikiza mpaka njia panda. Mwanangu nitamsindikiza mwenyewe, kwa gari langu, mpaka geti la Igalula." Kituo cha kurushia vyombo kilikuwa huko Igalula, mwendo wa nusu saa na zaidi kidogo.

Basi akaanza kulitengeneza gari, uani, kila alasiri akitoka kazini. Alifungua mkanyago akakisafisha kihisio chake, kile kidude kinachopima umekanyaga kiasi gani, kilikuwa kimeshiba vumbi la miaka. Alifupisha nyaya. Aliingia kwenye ubongo wa mota akafuta ule woga wa kiwandani unaoifanya ivute taratibu kama inamwamsha mgonjwa. Baada ya wiki tatu gari likawa jepesi, ukikanyaga tu limeitika. Fundi mwingine angefunga boneti akaenda kunywa chai.

Kalunde hakufunga. Alipima tena, akagundua jambo lililomkosesha raha: ucheleweshaji uliobaki haukuwa wa gari, ulikuwa wake. Amri inatoka kichwani, inashuka uti wa mgongo, inapita kiunoni, pajani, inafika unyayoni imeshachoka. Lakini vitabu vyake vya ufundi vilimwambia kitu kingine cha ajabu. Kabla mtu hajainua mguu, mwili huwa umeshajiandaa. Misuli inajikaza kidogo, damu inasogea, na mwenyewe hana habari. Kuna mnong'ono unaotangulia amri. Akasuka soksi ndefu ya nyuzi za fedha, inayofika gotini, ya kuusikia mnong'ono huo na kuupeleka kwenye mota. Akaiita soksi ya nia. Siku ilipokubali, siku ya kanzu ya Mzee Mapalala, aliung'oa waya wa mkanyago akautupa. Mkanyago ukabaki pambo.

Jamani, kuliendesha gari lile! Alfajiri ya kesho yake alilitoa barabara ya zamani ya Itetemia, na kwa mara ya kwanza maishani hakuendesha gari, alikwenda. Kona ikija, gari limeshaijua. Akitamani kuona kilicho juu ya kilima, kilima kimeshapita chini yake. Aliingia barabara kuu katikati ya magari-jiendee, na yale elfu yenye akili moja yakampisha yeye peke yake. Alirudi nyumbani akakawia kushuka. Aliogopa kidogo, ile hofu ya mtu aliyegusa kitu kikubwa kuliko mikono yake.

Siku ya safari ilikuwa Jumamosi. Geti la Igalula lilikuwa linafungwa saa tatu kamili asubuhi, na asiyekuwa ndani, nafasi yake inachukuliwa na mtu wa akiba aliyekuwa ameshavaa na kukaa mkao wa kusubiri. Saa mbili na dakika tano mama na mwana walikuwa garini, nje ya lango la nyumba, begi nyuma, dua imeshasomwa. Mtaa ulikuwa mtupu, kasoro Mzee Mapalala ukutani kwake. Watu walikuwa wametangulia Igalula kutazama, na walikuwa wamechukua magari-jiendee yote.

"Bismillahi," Kalunde akasema. "Haya, twende."

Gari halikutikisika.

"Twende," akarudia, akacheka kidogo. Akakaa vizuri. Akafumba macho, akawaza barabara, akawaza geti, akawaza mwanawe anapunga mkono. Kimya. Akasahau alichokitengeneza mwenyewe akaukanyaga ule mkanyago wa pambo mpaka chini, mara tatu, kwa hasira.

"Umeme upo?" Hidaya akauliza.

"Upo." Kalunde alishuka, akafungua boneti. Akapitisha vidole kila waya, akaivua soksi akaikung'uta, akaivaa tena. Kila kitu kilikuwa sawa, sawa kabisa. Dakika kumi zikapita. Jasho lilikuwa linamtoka kana kwamba anakoka moto.

"Labda mota imekwama upande mmoja," akasema. "Ngoja nijaribu rivasi."

Akaweka gia ya nyuma. Gari likafyatuka kinyumenyume, likapita langoni, likavuka ua mzima kwa pumzi moja, likasimama taratibu mlangoni pa nyumba, pale pale ambapo Hidaya alikuwa amefunga kamba za viatu asubuhi hiyo.

Hidaya alikuwa fundi pia, hakuhitaji kuelezwa.

"Mama."

"Ni kasoro ndogo tu, nitaipata sasa hivi."

"Mama, mwaka mzima umeniambia umefurahi."

"Nimefurahi."

"Na gari je?"

"Gari halina adabu!" Kalunde alifoka, na sauti ikamkatikia hapo hapo. Alishika usukani kwa mikono yote miwili. "Sitaki uende," akasema. "Basi. Sitaki. Nimepika pilau sitaki, nimecheza ngoma sitaki. Kila uzi niliosuka hapa nilikuwa nasuka ili nisikae nikafikiri."

Hidaya alitazama saa ya dashibodi, kisha akaondoa macho haraka, lakini mama yake alishamwona. Saa mbili na dakika ishirini. Na hapo ndipo Kalunde alipolijua jambo ambalo baadaye hakumwambia mtu yeyote. Alijua inatosha akae tu. Asiseme neno, asifanye lolote, akae hivyo hivyo dakika kumi nyingine, geti litafungwa kabla hawajafika na mwanawe atabaki. Hatakuwa amemzuia. Gari ndilo limekataa, na Mzee Mapalala atakuwa shahidi. Jioni watakula wote. Alilitazama wazo hilo vizuri, pande zote, na akalitamani kama maji.

Akainama akaivua soksi.

"Pita huku," akasema. "Uendeshe wewe."

"Sijawahi kuivaa."

"Breki ni ile ile ya mguu wa kushoto. Njoo, mwanangu, muda unakwenda."

Walibadilishana viti. Hidaya akaivuta soksi hadi gotini, bado ina joto la mguu wa mama yake. "Nifanye nini?"

"Usifanye kitu. Taka tu."

Mgongo wa Kalunde ukabandikwa kwenye kiti. Mtandio ukamtoka ukaenda nyuma, sijui wapi. Miezi miwili alikuwa amelijaribu gari lile, akalisifu, akajisifu, na hakuwa anajua kwamba mota ile ina nguvu hizi. Lango likapita, Cheyo ikapita, wakaingia barabara kuu bila hata kupunguza, na magari-jiendee machache yaliyokuwa barabarani yakagawanyika kushoto na kulia kama watu wanaompisha mtu aliyebeba chungu cha moto. Kalunde alijaribu kusema kitu, hewa ikamrudisha.

Miaka ishirini na sita alikuwa ameishi nyumba moja na hamu hii. Aliipikia uji, aliisuka nywele, aliipeleka shule kwenye mvua, na hakuwahi hata siku moja kujua ukubwa wake. Ilimuuma, ilimuuma hasa, penye mfupa. Lakini zaidi ya kumuuma ilimshangaza, na mdomo wake ulibaki wazi.

Hidaya alikuwa analia. "Samahani, mama. Nalizuia. Nataka lipunguze, haki ya Mungu nataka lipunguze..."

"Hutaki," Kalunde akasema.

Hidaya akageuza uso kumtazama, machozi yamemjaa, aibu imemjaa, kama mtu aliyefumwa.

Kalunde akanyoosha mkono akamfuta shavu kwa kiganja, kisha akamgeuza kidevu kuelekea barabarani. "Shika usukani kwa mikono miwili," akamwambia. "Na usinitazame mimi."

Hidaya akatazama mbele, na gari likaongeza mwendo.