Mwalimu Asuman na Filamu ya Nyuki

Siku ile mjinga alikuwa Mwalimu Asuman, na mwenyewe hakatai. Ukimuuliza leo mjini Koboko atakuambia hivyo hivyo, tena atacheka kabla yako ili usipate nafasi.

Asuman anafundisha sayansi darasa la tano. Watoto wake ni wengi kuliko madawati. Picha za kufundishia ni zile anazochora mwenyewe kwa chaki, na ng'ombe wake ubaoni anafanana na meza. Kwa hiyo wazazi walipochanga wakanunua runinga na betri ya umeme wa jua, hakuna aliyefurahi kuliko yeye. Rafiki yake mmoja alimpa filamu za mafunzo kwenye flashi. Moja ilihusu maisha ya nyuki.

Tatizo lilikuwa lugha. Msimulizi wa filamu hiyo alisema Kiingereza cha haraka. Watoto wangeokota neno moja na kudondosha kumi. Asuman akaona amepata dawa. Akamwita Shafiki.

Shafiki ana kibanda cha video sokoni. Kazi yake ni kukaa kando ya runinga na kipaza sauti, akitafsiri filamu za mapigano huku zikiendelea. Kiingereza chake ni kidogo, lakini mdomo wake haujawahi kukosa la kusema. Mtu akifungua mlango tu kwenye filamu, Shafiki tayari anajua mama yake ni nani na amekuja kulipa kisasi gani.

"Hii filamu iko na stelingi?" Shafiki aliuliza. Alimaanisha yule shujaa anayepigana mpaka mwisho bila kufa.

"Iko na nyuki," Asuman akamjibu.

"Basi nyuki ndiyo stelingi. Mwalimu, enda pumzika."

Na Asuman akaenda kupumzika. Alibeba madaftari, akakaa barazani kusahihisha. Alisikia watoto wakipiga makofi na kucheka. Akajisemea kwamba leo somo limeingia.

Liliingia kweli. Kwa maneno ya Shafiki, malkia wa nyuki alikuwa mkubwa wa genge, na nyuki wengine walikuwa askari wake. Ukimkamata mkubwa, Shafiki alisema, askari wote wanaweka silaha chini na asali yote inakuwa yako.

Jumamosi iliyofuata, watoto watatu wa darasa lile walikwenda kumkamata mkubwa. Walikuwa Lawrence, Adrabo na Abiriga. Walichukua chupa tupu, ndiyo jela ya malkia, wakavuka kijito hadi kwenye mizinga ya Mzee Kasimiro. Abiriga akafungua mzinga mmoja kwa mikono mitupu.

Askari hawakuweka silaha chini. Lawrence na Adrabo walikuwa nyuma, wakakimbia mapema. Abiriga alirudi nyumbani uso umevimba mpaka macho yamefumba. Mbuzi wa Mzee Kasimiro, aliyefungwa kamba karibu na mizinga, hakuweza kukimbia. Alikufa pale pale.

Mama yake Abiriga anaitwa Hawah, anauza nguo sokoni. Alimbeba mwanawe mgongoni mpaka kituo cha afya. Muuguzi alimwonyesha namna ya kukwangua miiba upesi kwa ukucha. Akamwambia pia kwamba nyuki wengi wakimshambulia mtoto wanaweza kumuua, na kwamba huyu alikuwa na bahati. Hawah hakulia. Aliuliza tu nani alimwambia mtoto wake kwamba nyuki wanakamatwa.

Jumatatu Mzee Kasimiro akafika shuleni. Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya wazazi, na siku hiyo alikuwa pia mwenye mbuzi.

"Mwalimu, hii sanduku yako iko nafundisha watoto wizi," alisema. "Tuuze. Jiko ya shule hapana bati."

Mwalimu mkuu alisema jambo hilo litaamuliwa kwenye mkutano wa wazazi mwisho wa mwezi. Asuman akakimbilia sokoni kumlaumu Shafiki. Shafiki alimsikiliza vizuri mpaka mwisho, kisha akamjibu kwa upole.

"Mimi nilikuwa mutafsiri. Mwalimu alikuwa nani?"

Asuman akarudi nyumbani. Usidhani alihuzunikia runinga kwa sababu inang'aa. Kuna vitu chaki haiwezi kuonyesha: mbegu inavyopasuka udongoni, moyo unavyopiga kifuani, nyuki wanavyofanya kazi ndani ya mzinga wenye giza. Runinga ikiuzwa, watoto wake wangerudi kwa yule ng'ombe wa meza.

Akakumbuka kwamba mjini Arua yuko Scholastique, mke wa Ruffin. Asuman na Ruffin walisoma pamoja chuo cha ualimu. Scholastique naye ni mwalimu. Alitoka Kongo na wazazi wake waliokuja kufanya biashara, na ametumia filamu darasani miaka mingi. Basi Jumamosi Asuman akaenda Arua, mpaka nyumbani kwao mtaani Ediofe. Alimkuta Scholastique anatwanga sombe, majani ya muhogo.

Alimweleza yote. Scholastique alicheka sana aliposikia habari ya jela ya chupa, akaacha kucheka aliposikia habari ya Abiriga. Akaweka mchi chini.

"Shemeji, yule mutu mwenye kufuga nyuki mu ile filamu, alivaa nini ku mikono?"

Asuman akafikiri kidogo. "Glavu, bila shaka."

"Hukuiona ile filamu."

"Niliona mwanzo."

"Mwanzo iko muziki na majina. Hiyo hata kuku yangu inaweza kuona."

Akawasha kompyuta ya mumewe, wakaitazama filamu yote kwa pamoja. Mfugaji akatokea. Alikuwa mzee wa nchi ya baridi, anacheka na nyuki wake, anawashika kama anachambua mchele. Mikono yake ilikuwa mitupu.

Kumbe watoto hawakufuata maneno ya Shafiki peke yake. Walifuata pia macho yao.

"Filamu haikusema uongo," Scholastique alimwambia. "Nyuki ya kule iko mupole. Nyuki ya huku kwetu iko mukali, hata mutoto wa kijijini Logiri anajua. Lakini filamu haikupigwa Koboko. Kama mwalimu iko barazani, nani atasema hiyo?"

Mchana wote walifanya kazi. Scholastique alimfundisha kwanza kuchagua. Si kila filamu yenye wanyama ni somo. Nyingine zinatafuta kutisha watu tu, zinaongeza muziki na damu, na mtoto anaondoka na hofu badala ya maarifa. Hii ya nyuki ilikuwa nzuri, imetengenezwa na watu wanaoijua kazi, lakini ilikuwa ndefu. Asuman alitaka kuonyesha yote kwa sababu yote ilimpendeza.

"Mutoto hawezi kunywa mto, shemeji. Mupe kikombe."

Wakachagua vikombe viwili. Kimoja ni nyuki anavyocheza ndani ya mzinga ili kuwaonyesha wenzake maua yalipo. Cha pili ni mfugaji anavyovuna asali. Scholastique akamwambia azime sauti na asimulie mwenyewe, kwa maneno ambayo watoto wanayaelewa. Awape swali kabla ya kuwasha, ili macho yao yawe na kitu cha kutafuta. Asimamishe picha mara kwa mara na kuwauliza wanaona nini. Na runinga ikizimwa, somo lisizimwe: wafanye kitu kwa mikono au miguu yao.

"Na pale ambapo sisi tunafanya tofauti na kule?" Asuman aliuliza.

"Koboko hakuna mutu mwenye kufuga nyuki?"

Asuman akamkumbuka mwenye mbuzi, akakuna kichwa.

Kumwalika Mzee Kasimiro kulichukua subira. Mara ya kwanza mzee alijifanya haoni mgeni. Asuman alirudi tena, akaomba msamaha kwa ajili ya mbuzi bila kumtaja Shafiki. Alisema anahitaji mtu wa kusahihisha filamu. Neno hilo la kusahihisha lilimwingia mzee. Alikuja, akakaa nyuma ya darasa, mikono kifuani.

Kabla ya kuwasha, Asuman aliandika swali ubaoni: Nyuki amepata maua mbali. Atawaambiaje wenzake, naye hana mdomo wa kusema?

Halafu akawasha, sauti imezimwa. Nyuki mmoja alikuwa anatembea juu ya sega, anatikisa kiuno, anazunguka, anarudi, anatikisa tena. Asuman alisimamisha picha. Watoto walisema anaumwa. Wengine walisema anamwogopa malkia. Akarudisha nyuma, wakatazama tena. Kadijah, msichana wa dawati la mbele, ndiye aliyegundua kwamba kila mara anatikisika kuelekea upande ule ule. Asuman akaeleza: upande huo unaonyesha njia ya maua, na akitikisika muda mrefu, maua yako mbali. Malkia hatoi amri yoyote. Kazi yake ni kutaga mayai.

Kisha wakatoka nje. Asuman alimwonyesha Abiriga peke yake mahali alipoficha ua la alizeti. Uso wa Abiriga ulikuwa umepona. Alitikisa kiuno kuelekea mahali hapo, akazunguka, akatikisa tena, na darasa zima likafuata njia mpaka likalipata ua nyuma ya choo. Mzee Kasimiro alisahau kukunja mikono.

Waliporudi ndani, ikawa zamu ya mfugaji. Asuman alisimamisha picha kwenye mikono mitupu, akamgeukia mzee. Kasimiro akasimama. Alisema mtu akifanya hivyo hapa Koboko atazikwa. Alieleza kwamba yeye huenda jioni, na moshi, amejifunika mpaka vidole, na hakuna mtoto anayesogea. Abiriga alisikiliza kuliko wote.

Filamu ikaendelea. Mfugaji alikata masega machache, mengine akayaacha. Kadijah akainua mkono.

"Mzee, wewe unawaachia nyuki asali kiasi gani?"

"Mimi natoa yote," Kasimiro alijibu. "Mzinga wangu, asali yangu."

"Halafu wanakula nini?"

Mzee alisema kwamba kila mwaka baada ya mavuno nyuki wake huhama, kwa sababu kuna majirani wenye wivu wanaomroga. Watoto hawakucheka. Walitazama runinga, wakayatazama masega yaliyoachwa, wakamtazama mzee. Asuman naye alikuwa amejifunza kitu Ediofe: swali likishawaingia watoto, mwalimu hahitaji kuongeza sauti.

Mwisho wa mwezi wazazi walikutana. Runinga bado iko darasa la tano hadi leo, na Asuman haonyeshi filamu ambayo hajaitazama mwenyewe mpaka mwisho. Watoto wake sasa wanawaeleza wazazi namna ya kupita karibu na mzinga bila kuumwa. Lakini siku ya mkutano kuibakiza runinga hakukuwa rahisi. Mzee Kasimiro aliambiwa watoto wameelewa, akasema wangeelewa hata kwa chaki. Aliambiwa yeye mwenyewe alifundisha vizuri siku ile, akasema ndiyo, alifundisha yeye, si sanduku. Bati za jiko zikarudi kwenye mazungumzo. Baadhi ya wazazi walianza kutikisa vichwa wakikubali, na Asuman akaona runinga inaondoka.

"Mimi nafuga nyuki toka wakati ya baba yangu," Kasimiro alimaliza. "Hakuna siku moja runinga ilinifundisha."

Hawah, mama yake Abiriga, ambaye mwanawe alikuwa amemsimulia somo lote, akasimama. Alijifunga vizuri mtandio wake, akamtazama mzee kwa heshima yote.

"Hata nyuki wako wanajua hiyo, Mzee. Ndiyo maana kila mwaka wanakuhama."