Hema la Emama Tirunesh

Ndugu zangu, hapa kwetu Adama, Ethiopia, mtaa huamka kwa harufu ya kahawa inayokaangwa. Wanawake hualikana kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Katika utulivu huo akahamia Mesfin kutoka Dessie, na mkewe Wubalem na mama yake mzazi, Emama Tirunesh. Kabla hata ya kupanga vyombo, Mesfin alileta fundi aurefushe ukuta wa ua.

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amepata kazi nzuri kwenye kinu cha unga, na aliamini kuwa kazi ya majirani ni umbea. Jirani yake Bizunesh alipokuja kuwaalika kahawa, yeye ndiye aliyemjibu mlangoni.

"Asante, mama. Kahawa tunayo."

"Kahawa kila mtu anayo, mwanangu. Mimi nimekuja kuulizia watu."

Wiki ile ile wakaja wazee wa chama cha kuzikana. Mesfin akawaambia hana haja nacho, kwani chama chake kiko Dessie na hajajitoa.

"Dessie ni mwendo wa kutwa nzima," alisema Gashe Woldu, mkubwa wao. "Maiti atawasubiri?"

"Sisi hatufi ovyo, mzee," Mesfin akatania. Wazee hawakucheka.

Emama Tirunesh alikuwa kibarazani akisokota pamba, na aliyasikia yote.

"Mwanangu, mimi nizungumze na nani? Na uzi huu?"

"Mama, tumekuja kutafuta maisha, si kutafuta marafiki."

Bibi akainamia pamba yake. Hakulitaja tena jambo hilo, na Mesfin akadhani limekwisha.

Mwaka wa pili, katikati ya masika, Emama alianguka mchana na hakuinuka. Mesfin alipiga simu Dessie. Ndugu zake walilia naye, lakini mvua ilikuwa imekata barabara. Wasingefika kabla ya siku tatu, na kwetu maiti huzikwa kesho yake. Hapo ndipo alipotazama ua wake. Hakukuwa na hema, hakukuwa na benchi, wala mtu wa kuchimba kaburi. Mama yake, aliyewazika watu wasio na idadi kule kwao, angezikwa na watu wawili. Aliona aibu, ndugu zangu, aibu ya kukosa pa kuweka uso.

Alfajiri akasikia tarumbeta ya mpiga mbiu wa chama ikipita mtaani, na jina lililotangazwa lilikuwa la Tirunesh. Geti likafunguliwa. Wanaume wakaingia na nguzo na turubai, wanawake na mikate ya injera na shayiri ya kukaanga. Mesfin akamkimbilia Gashe Woldu.

"Mzee, mimi si mwanachama."

"Tunajua. Hema hili si lako, ni la mama yako."

Kumbe Emama alikuwa amejiandikisha tangu mwezi wa kwanza wa kuhamia. Mesfin akitoka kwenda kazini, naye alitoka kwa mlango wa nyuma. Alikunywa kahawa kila nyumba, na hakukosa msiba hata mmoja. Mesfin akamtazama mkewe, aliyeijua siri hiyo siku zote na ndiye aliyepeleka habari kwa majirani, naye Wubalem akainamisha macho.

"Tukikusema, alikuwa akitukataza," Bizunesh alimwambia. "Akisema, 'Mwanangu atakuja. Mpeni muda.'"

Mesfin akalia kwa sauti, na mikono ya watu aliowafungia mlango ndiyo iliyomshika asianguke. Emama alizikwa na mtaa mzima.

Siku ya tatu hema lilipokunjwa, Mesfin alibeba nguzo mwenyewe hadi stoo ya chama.

"Gashe, niandikeni na mimi."

"Tutakuandika. Kesho kahawa ni kwa Bizunesh. Anzia hapo."

Funzo

Ndugu yangu unayehamia ugenini, usihamishe vyombo ukaacha moyo ulikotoka. Wa kwenu wanakupenda, lakini wako mbali, na siku ya shida atakayekufikia ni huyu wa ukuta wa pili. Mjue mapema, ungali mzima. Nasi wenyeji tusimchoke mgeni haraka. Mesfin alichelewa, na bahati yake ni kwamba mama yake alikuwa ametangulia kumfungulia mlango. Si kila mtu ana mama wa namna hiyo.