Mikono ya Shati Iliyozibwa

Asubuhi nyumbani kwetu huanza na kelele za cherehani. Wifi yangu ni fundi wa nguo za wanawake. Mumewe, kaka yangu, ni mhudumu wa gari la wagonjwa. Mimi napiga pasi na kushona vifungo, na masikio yangu hayana likizo.

Siku moja mteja alikuja kuchukua gauni. Mdomo ulikuwa unamwasha.

"Fundi, jana nimemwona mumeo anatoka saluni. Amembeba yule msusi mrembo kama bibi harusi!"

Wifi alikanyaga cherehani mpaka uzi ukakatika.

Kaka aliporudi, shati lake la kazi lilinukia mafuta ya nywele. Wifi alilinusa mara mbili.

"Ulikuwa kwa msusi?"

"Nilikuwa kazini."

"Anaumwa nini mpaka abebwe?"

"Mke wangu, nimemhudumia nani na anaumwa nini, siwezi kusema."

"Mimi ni mkeo!"

"Najua. Hata mama simwambii."

"Basi una lako jambo!"

Jamani, wivu ulimpanda kichwani. Hakula. Alirudi kwenye cherehani akashona kwa hasira. Nilidhani ni kazi ya mteja. Kumbe anaziba mikono ya shati la mumewe, yote miwili!

Kesho yake simu ya kazi ililia kabla ya chai. Kuna mtu ameshindwa kupumua. Kaka akavaa shati, mkono ukagoma. Akavuta, akajipinda. Nikacheka, Mungu anisamehe. Lakini nje dereva alikuwa anapiga honi, na mahali fulani mtu anakata roho. Kaka akachana mishono kwa meno, akakimbia huku nyuzi zinaning'inia. Hapo wifi akashika kichwa.

Mchana akaja Mama Sindano, muuguzi anayesimamia zamu ya kaka.

"Mgonjwa tumemuwahi, lakini kwa bahati tu," alisema. "Nani amenishonea mtu wangu?"

"Ni mimi!" wifi akapasuka. "Mwambie aseme alikuwa na nani!"

Mama Sindano akavuta kiti. "Hebu niambie kwanza. Jirani yako unayemshonea, kiuno chake inchi ngapi?"

"Hee! Vipimo vya mteja havisemwi."

"Hata kwa mumeo?"

"Hata kwake. Mtu anavua nguo mbele yangu kwa sababu ananiamini."

"Na mgonjwa je? Sisi tunaingia mpaka chumbani kwake. Tunamkuta ametapika, amejikojolea, analia. Akijua tutamtangaza, siku nyingine hatapiga simu. Atafia ndani."

Wifi akatazama chini. "Kwa hiyo hamwambii mtu yeyote?"

"Tunawaambia wanaomtibu, tena yale wanayohitaji tu. Picha hatupigi. Jirani akiuliza, hatukubali wala hatukatai. Na mgonjwa akiwa na fahamu zake, yeye ndiye anayechagua ndugu wa kuambiwa."

"Na yule msusi?"

"Msusi yupi?" Mama Sindano alimkazia macho. Mimi nikajifanya natafuta kifungo.

Jioni wifi alimwomba mumewe radhi, akalitengeneza shati. Wivu haukuisha siku hiyo, nisikudanganye. Lakini maswali aliacha.

Wiki chache baadaye wifi mwenyewe akaanguka hapo hapo kwenye cherehani. Nikapiga simu. Kaka alikuwa mapumzikoni, ametoka, kwa hiyo alikuja Mama Sindano. Akanitoa nje, mimi wifi mtu, akafunga mlango!

Kaka alitukuta hospitali, anahema.

"Mke wangu ana nini?"

"Anaendelea vizuri, na yuko macho," alisema Mama Sindano. "Muulize mwenyewe."

"Mimi ni mumewe! Tena mwenzako kazini!"

"Leo hukuwa zamu."

"Amekwambia nini wewe asichoweza kuniambia mimi?"

Nikamtazama kaka. Wivu mtupu! Sauti ya wifi ikatoka ndani, dhaifu, lakini ina kicheko.

"Mwacheni aingie. Nitamwambia mwenyewe. Yeye peke yake."

Mlango ukafungwa tena. Kaka alipotoka, macho yalikuwa na machozi na uso unatabasamu. Nikamvaa.

"Kaka, wifi ana nini?"

"Muulize mwenyewe."

Wifi amepona, cherehani inapiga kelele kama zamani. Nimemuuliza mpaka nimechoka. Kila nikimuuliza, ananisukumia vifungo nishone.